Spitfire Mk.I skeli ya 1/48: rangi yenye punje, ukungu mweupe kwenye vanishi na mpaka wa kijani na kahawia

Mjenzi_Temeke

Wakuu, habari za jioni. Nina modeli ya plastiki ya Spitfire Mk.I, ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita vya Pili vya Dunia, ya kampuni ya Tamiya, skeli ya 1/48, ile iliyotoka 2018. Nataka iwe ndege ya kikosi namba 610 cha jeshi la anga la Uingereza kilipokuwa kwenye uwanja wa Biggin Hill, Agosti 1940. Chumba cha rubani kimekamilika na kiwiliwili kimefungwa, ila mabawa bado sijayaunganisha. Kabla ya kuendelea nafanya majaribio ya rangi kwenye bawa la modeli nyingine, na kuna mambo matatu hayajakaa sawa.

La kwanza, rangi inatua na punje. Ikishakauka ukipitisha kidole inakwaruza, na XF-21 (Sky, kijani hafifu ya upande wa chini wa ndege) ndiyo mbaya kuliko zote. Brashi ya hewa ni ya kitufe cha kubonyeza na kuvuta, nozeli mm 0.3, kikombe kiko juu. Kompresa ina tangi la lita 3, presha nimeweka psi 25 (psi ni kipimo cha presha ya hewa), umbali ni kama sentimita 15. Rangi ni akriliki za Tamiya, nachanganya nusu kwa nusu na X-20A, thina ya Tamiya ya akriliki.

La pili, vanishi isiyong'aa inaacha ukungu mweupe ikikauka, hasa juu ya kijani. Nipo Dar, na kipindi hiki unyevu uko juu sana.

La tatu ni mpaka kati ya kijani na kahawia. Nikipiga kwa mkono bila kuziba, mpaka unakuwa mpana na vumbi la rangi linasambaa pembeni. Nikiweka tepu, unakatika mno na unaacha kingo ambayo ukucha unaihisi. Kwa Spitfire ya 1940 ipi ni sahihi?

Na kama kuna la kuangalia kabla sijagandisha mabawa, nisaidieni sasa, gundi bado haijafunguliwa.

RangiNyembamba

Mkuu, hizo punje ni rangi iliyokauka hewani kabla haijafika kwenye plastiki. X-20A ina spiriti, inaruka haraka. Ukijumlisha joto la Dar, psi 25 na sentimita 15, tone linafika likiwa unga. Unga huo haujishiki na tabaka la chini, unakaa juu yake tu, ndiyo maana unakwaruza. XF-21 inaonekana mbaya zaidi kwa sababu ni rangi ya mwanga isiyofunika vizuri, kwa hiyo unapiga tabaka nyingi kuliko kwenye kijani, na kila tabaka inaongeza unga.

Rekebisha kwa mpangilio huu, jambo moja moja, ili ujue lipi limesaidia. Kwanza shusha presha hadi psi 15. Isome kitufe kikiwa kimebonyezwa na hewa inatoka. Saa ya presha inayoonyesha 15 hewa ikiwa imesimama inaweza kushuka hadi 11 au 12 ukianza kupiga, na wengi wanalaumu rangi wakati tatizo ni saa. Pili, sogea hadi sentimita 7 au 8. Tatu, badilisha mchanganyiko uwe rangi 4 kwa thina 6. Uzito unaotafuta ni kama wa maziwa: tikisa kikombe, rangi ipande ukutani, ishuke polepole na kuacha utando unaopitisha mwanga.

Kama punje bado zipo baada ya hapo, achana na X-20A na uchukue Mr. Leveling Thinner. Inakubaliana vizuri na akriliki za Tamiya, na tayari ina kichelewesha ukaukaji ndani yake. Kwa hali ya hewa ya pwani mimi naona hiyo ndiyo thina ya kuanzia, siyo ya akiba. Ukiikosa, tumia kichelewesha cha Tamiya cha akriliki, lakini kisizidi asilimia 10 ya mchanganyiko wote. Kikizidi, rangi inabaki laini kwa siku kadhaa na tepu itaibandua ikiwa nzima.

Kipimo cha kuamini ni jicho, ukiangalia kwa pembe chini ya taa. Pale unapopita, uso uonekane umelowa kwa sekunde 2 hivi, kisha ufifie. Usipolowa kabisa, unapiga unga. Ukikaa umelowa muda mrefu na rangi ikaanza kukusanyika kwenye mistari ya paneli, umepitiliza. Rangi ikikimbia na kutoa miguu kama ya buibui, ni nyepesi mno kwa umbali huo au hewa ni nyingi mno. Sogea nyuma kidogo au shusha presha, usiongeze rangi.

Mikono nayo ina kanuni yake: hewa itangulie, rangi ifuate, na mwishoni ufunge rangi kwanza ndipo uachie hewa. Anayeachia vyote kwa pamoja anaacha tone nchani mwa sindano, na tone hilo ndilo linalorukia kazi kwenye mpigo unaofuata. Kwa joto letu futa ncha ya sindano kila baada ya dakika chache kwa pamba ya masikio yenye thina.

Kuhusu ukungu, tofautisha aina mbili, maana dawa zake si moja. Ukienea sawasawa sehemu yote uliyopiga na ukatokea ndani ya dakika moja hivi vanishi inapokauka, ni unyevu. Thina inaporuka inapoza uso, mvuke wa hewani unaganda ndani ya utando, unakuwa mweupe. Huo unaondoka ukipiga Mr. Leveling Thinner tupu, nyembamba sana, psi 10 hadi 12, kutoka sentimita 10. Inalainisha vanishi tena, kisha inakauka polepole bila kunasa maji. Ila ukungu uliojikusanya kwenye mistari na kona ni unga wa kufifisha mng'ao ambao haukukorogwa vizuri au umepigwa mzito. Huo funika kwa tabaka ya X-22, vanishi ya Tamiya inayong'aa, ngoja ikauke kabisa, kisha rudia vanishi isiyong'aa kwa tabaka nyembamba mbili.

Usipige vanishi alfajiri wala usiku. Unyevu wa hewa kwa kawaida hupungua mchana, na saa 8 mchana siku isiyo na mvua ni nafuu kuliko saa 2 usiku. Chumba chenye kiyoyozi kilichowashwa nusu saa kabla ni bora zaidi. Nunua kipima unyevu kidogo. Kikisoma zaidi ya 70, weka vanishi pembeni.

Na mwaga maji kwenye tangi la kompresa kila baada ya kazi. Kompresa inabana hewa yenye mvuke, mvuke unageuka maji, maji yanapita kwenye bomba na kutema vitone vinavyoacha vishimo kwenye rangi. Chujio la maji kwenye saa ya presha halitoshi pwani, ongeza jingine dogo karibu na mshikio wa brashi.

Barakoa ya vumbi haizuii mvuke wa thina. Unahitaji yenye vichujio vya mkaa vya mvuke, na feni inayotoa hewa nje ya dirisha.

Bawa_Kushoto

Naongezea upande wa ujenzi, kwa kuwa mabawa bado. Seti hiyo inakaa vizuri sana, kwa hiyo pengo likitokea kwenye shina la bawa, yaani pale bawa linapoungana na kiwiliwili, mara nyingi chanzo ni rangi ya chumba cha rubani iliyoingia kwenye sehemu za kugusana, au kijishina cha plastiki kilichobaki pale ulipokata kipande kutoka kwenye fremu. Kwangua rangi yote hadi plastiki ionekane. Gundi ya kimiminika haiungi rangi, inayeyusha plastiki, na mahali penye rangi haitashika.

Jaribu kwanza bila gundi. Bandika bawa kwa tepu, uangalie pande zote mbili kwa mwanga unaotoka nyuma. Ukiona mwanga kwenye shina la bawa, kiwiliwili ni chembamba kidogo pale. Kata kipande cha fremu, kisukume ndani kiwe mhimili unaotanua kuta, hata nusu milimita tu, kisha ugandishe. Njia hii ni bora kuliko puti, kwa sababu puti kwenye shina la bawa la Spitfire inafuta ule mkunjo mzuri unaopanda kwenye kiwiliwili, na kuurudisha kwa msasa ni kazi ngumu.

Mabawa ya Spitfire yanapanda kwa nyuzi 6. Weka ndege juu ya kioo au mbao iliyonyooka, pima kutoka mezani hadi ncha ya kila bawa. Namba zote mbili ziwe sawa. Tofauti ya milimita 1 inaonekana ukiitazama ndege kutoka mbele. Kisha simama nyuma, funga jicho moja, uone kama mkia mlalo umeenda sambamba na mabawa. Funga kwa tepu kutoka bawa hadi bawa ukipitia chini ya tumbo, ndipo utie gundi nyembamba kwa brashi, iingie yenyewe kwenye mshono. Iache hadi kesho yake.

Mshono wa juu ya kiwiliwili ulioufunga tayari usiupige msasa leo kama umefungwa juzi. Plastiki iliyoyeyushwa na gundi inaendelea kusinyaa kwa siku kadhaa. Ukiusawazisha mapema, utaona mfereji mwembamba umerudi chini ya rangi wakati umeshapiga kila kitu. Msasa namba 400 kwa uvimbe, 600 kuondoa mikwaruzo, 1000 na maji kumalizia. Zingatia sana kifuniko cha juu cha injini na kile cha tangi la mafuta mbele ya kioo cha rubani: kwenye ndege halisi hakuna mshono unaopita katikati hapo, kwa hiyo usibaki hata uzi. Mistari ya paneli iliyofutika ichore tena kwa sindano ukifuata ukanda mgumu wa plastiki wa kuandikia lebo.

Kioo cha rubani kibandike kwa gundi nyeupe ya mbao. Usisogeze gundi ya papo kwa papo karibu nacho, mvuke wake unaweka ukungu ndani ya kioo, na ukishafunga hufikii tena. Kabla ya kukibandika, kichovye kwenye X-22 au vanishi nyingine inayong'aa, ukisimamishe kwenye karatasi inyonye ziada. Unapopaka fremu ya kioo, anza na rangi ya ndani, kijivu-kijani, kisha ya nje juu yake. Mtu akichungulia ndani ataona rangi ya chumba cha rubani.

Kumbukumbu1940

Ndugu, Agosti 1940 si mwezi wa kuchukua rangi kwa mazoea, kwa hiyo amua unataka mwanzo wa mwezi au mwisho wake.

Upande wa juu hauna utata: Dark Earth (kahawia) na Dark Green (kijani). Anayekuambia kijivu anakupa Spitfire ya baada ya Agosti 1941, rangi ya kijivu ya Ocean Grey ilipochukua nafasi ya kahawia. Chini, nusu nyeusi na nusu nyeupe zilikuwa za kabla ya Juni 1940. Kuanzia Juni ni Sky, lakini Sky yenyewe haikupatikana kwa wingi mara moja, na zipo ndege za kiangazi kile zilizopakwa mchanganyiko wa hapo hapo, nyingine zikielekea bluu kuliko kijani. Kwa ndege yako XF-21 inafaa. Ukiongeza tone la nyeupe kwa kila matone 10, inafaa zaidi kwa skeli ndogo.

Nembo za duara chini ya mabawa ndizo zitakazokubana. Agizo la kuzirudisha lilitoka Agosti 1940. Picha zinazojulikana za ndege za 610 zikiruka kwa mpangilio ni za Julai, chini ya mabawa hakuna nembo. Kwa hiyo mwisho wa Agosti ziweke. Mwanzoni ziache, au tafuta picha ya ndege hiyo hiyo. Juu ya mabawa ni nembo ya bluu na nyekundu tu, ubavuni ni yenye duara la njano nje. Herufi za kikosi ni DW, kijivu. Kofia ya propela ni nyeusi, na hakuna mkanda wa Sky kiunoni karibu na mkia. Mkanda huo na kofia ya rangi ya Sky vilikuja mwishoni mwa 1940.

Mchoro wa mabaka ulikuwa wa aina mbili, A na B, kila mmoja ukiwa taswira ya mwenzake kwenye kioo. Mwaka 1940 kiwandani aina zote mbili zilikuwa zinatumika. Usichanganye mchoro wa A na namba ya ndege ambayo picha yake inaonyesha B. Angalia upande wa kushoto wa pua kwenye picha, ndipo uchague.

Kwa rangi za Tamiya, kijani ni XF-81. Kahawia wengi wanatumia XF-52, na mimi naiona nyekundu kidogo. Robo ya XF-59 inaivuta kwenye njano na kuipunguza uzito, ikakaa vizuri zaidi kando ya XF-81.

Sasa suala la kuchakaza. Msimwage rangi ya fedha kila mahali. Spitfire nyingi za kiangazi kile hazikudumu muda wa kutosha jua kuzifubaza. Mchubuko uweke pale watu walipokanyaga: shina la bawa la kushoto, upande ambao rubani alipandia, na skrubu za vifuniko vya injini. Usukani wa mkia, eleveta (vibao vinavyosogea vya mkia mlalo) na eleroni (vibao vinavyosogea nyuma ya mabawa) za Mk.I vilifunikwa kitambaa. Kitambaa hakina bati chini yake, kwa hiyo tone la fedha pale ni kosa hata kama limewekwa kwa ustadi. Panga za propela vilevile: zilizotengenezwa na de Havilland zilikuwa za alumini, makali ya mbele yanaweza kuchubuka hadi alumini ionekane, baadhi za kampuni ya Rotol zilikuwa za mbao iliyoshindiliwa, hizo hazitoi fedha kamwe. Ncha za njano zilikuwa inchi 4, yaani milimita 2 na chembe kwenye 1/48.

Jambo moja dogo linaloinua ndege nzima ni viraka vyekundu kwenye midomo ya bunduki. Kila bawa lilikuwa na bunduki 4 za Browning za milimita 7.7, na mafundi walifunika matundu kwa vipande vya kitambaa vilivyopakwa rangi nyekundu ili vumbi na baridi visiingie. Ukiviacha vizima, ndege haijafyatua risasi tangu ilipopakiwa, basi usipake moshi wa baruti chini ya bawa. Ukipaka moshi, toboa viraka. Viwili hivyo lazima vikubaliane.

Mjenzi_Temeke

Asanteni sana wakuu. Nimeshusha presha hadi 15 nikiisoma hewa ikitoka, nikasogea sentimita 8, na mchanganyiko wa 4 kwa 6. Punje zimepungua sana, zimebaki kidogo kwenye XF-21. Nitaenda na mwisho wa Agosti, nembo chini ya mabawa ziwepo, aina A.

Maswali mawili yamebaki. Leveling Thinner hapa ni ya kuagiza. Je, thina ya kawaida wanayotumia wapaka rangi wa magari inaweza kuziba pengo? Na bado sijaelewa mpaka wa mabaka nifanye vipi.

Msasa600

Thina ya magari, mkuu, tumia kuoshea brashi ya hewa. Kwa hilo ni nzuri na bei yake ni nafuu. Kuichanganya na rangi ya modeli ni kamari, kwa sababu viyeyusho vyake vinatofautiana chupa hadi chupa, na zile kali zinakula plastiki ya modeli moja kwa moja. Uso unapata nyufa ndogo ndogo au unakuwa na manyoya. Ukilazimika, weka tone kwenye kipande cha fremu ya seti hiyo hiyo, ngoja dakika 5, ukwangue kwa ukucha. Ikiwa imelainika au imepoteza mng'ao, hiyo isiguse ndege. Hata ikifaulu, piga praima kwanza na tabaka ziwe nyembamba, maana plastiki iliyolowa kwa muda mrefu ndiyo inayoliwa. Kwa XF-21 iliyobaki na punje, kichelewesha cha Tamiya kwa asilimia 5 kitatosha, na praima ya kijivu cha mwanga chini yake itakupunguzia idadi ya tabaka.

Sasa mpaka. Anza na hesabu. Tuseme kwenye ndege halisi rangi mbili ziliingiliana kwa sentimita 2.5 hivi. Gawa kwa 48: nusu milimita. Hata ukisema sentimita 5, ni milimita 1. Mpaka wa milimita 3 au 4 uliopigwa kwa mkono ungekuwa sentimita 15 hadi 20 kwenye ndege kamili, ndiyo maana jicho linaukataa. Na tepu inayokata kabisa inakosa ule ulaini mdogo. Kwa hiyo unatafuta kitu kilicho katikati, karibu zaidi na tepu kuliko mkono.

Chukua Blu Tack, ile gundi laini ya kubandikia karatasi ukutani, uiviringishe iwe nyuzi nyembamba za milimita 3. Ukishapiga kahawia na ikakauka siku nzima, chora mabaka kwa penseli laini, kidogo sana. Laza nyuzi juu ya mstari, na uzibonyeze tu kiasi cha kushika. Ukizikandamiza zinakuwa bapa na mpaka unageuka kuwa wa tepu. Ndani ya nyuzi, upande unaobaki kahawia, ziba kwa tepu au karatasi. Kisha piga kijani ukishika brashi wima kabisa, nyuzi 90 na uso. Duara la uzi linaacha kivuli chembamba chini yake, na hicho ndicho ulaini wako wa nusu milimita. Ukilaza brashi kuelekea ndani ya uzi, rangi inapita chini na mpaka unapanuka. Ukiilaza kinyume chake, unakatika. Kwenye mkunjo wa kiwiliwili na ukingo wa mbele wa bawa ndipo watu wanasahau kuzungusha mkono, na mpaka unabadilika tabia katikati ya baka moja.

Toa nyuzi siku hiyo hiyo. Kwa joto la Dar zikilala usiku kucha zinalainika na kuacha mafuta, na vanishi inayofuata inayakimbia. Mabaki yaondoe kwa kuyadonoa na donge jingine la Blu Tack, halafu pitisha kitambaa chenye maji ya sabuni.

Utaratibu wa rangi: Sky kwanza chini, uzibe, kahawia juu yote, kisha kijani. Kingo ulizonazo kwenye majaribio zinatokana na rangi nzito kurundikwa kwenye ukuta wa tepu. Piga kutoka juu ya tepu kwenda kwenye kazi, tabaka nyembamba, usipige kuelekea tepu. Ikibaki kingo, msasa namba 2000 wenye maji, mipigo 3 au 4, basi.

RangiNyembamba

Nakubaliana na Msasa600 isipokuwa kwenye kuziba kahawia yote kwa tepu. Rangi ya akriliki yenye siku moja katika unyevu wa sasa inaweza kubanduka, hasa palipokuwa na punje. Karatasi nyepesi iliyolowanishwa kidogo, au mfuko wa plastiki uliobanwa na zile nyuzi zenyewe, inatosha, kwa kuwa ukipiga wima kwa psi 12 rangi haisafiri mbali. Kama lazima tepu, ibandike kwanza kwenye kiganja mara mbili ipoteze nguvu.

Na kijani kipigwe kuanzia katikati ya baka kwenda kwenye mpaka. Mpaka unataka tabaka moja tu nyembamba.

Stika_na_Mafuta

Kaka, wenzangu wamemaliza rangi, niseme kinachofuata, maana ndipo kazi nzuri inapoharibika.

Stika za maji zisiwekwe juu ya rangi isiyong'aa. Uso ule una mabonde madogo, hewa inanasa chini ya utando, na ukitazama kwa pembe unaona mng'ao wa fedha pembeni mwa herufi. Piga X-22 iliyochanganywa na thina ya laka, sehemu 1 kwa 2, tabaka 3 nyembamba, kisha iache saa 48. Usiharakishe hapa. Vanishi ikiwa bado laini, mafuta ya kuchorea mistari yatapenya hadi kwenye rangi.

Kata kila stika karibu na mchoro, iloweke sekunde 15 kwenye maji ya vuguvugu, itoe uiache juu ya karatasi hadi iteleze yenyewe. Paka Micro Set, dawa ya kushikisha stika, mahali inapokaa, telezesha, sawazisha, nyonya maji kwa kitambaa kuanzia katikati. Baada ya dakika 10 paka Micro Sol, dawa ya kulainisha stika, juu. Itakunjamana, na hapo usiiguse kabisa, kwa sababu imelainika na kidole chochote kinaichana. Itajinyoosha yenyewe na kuzama kwenye mistari. Nembo kubwa juu ya mabawa zinahitaji Micro Sol mara 2 au 3. Mng'ao wa fedha ukibaki, toboa matundu kwa ncha ya sindano, tia Micro Sol tena.

Mistari ya paneli: rangi ya mafuta ya wasanii, kahawia iliyokolea yenye nyeusi kidogo, kwa tapentaini au white spirit hadi iwe maji yenye rangi. Nyeusi tupu kwenye Sky inaonekana kama katuni; chini tumia kahawia ya kijivu. Gusa mstari kwa ncha ya brashi, mafuta yakimbie yenyewe. Ngoja nusu saa, kisha futa kwa pamba iliyonyonya tapentaini kidogo mno, kutoka ukingo wa mbele wa bawa kwenda nyuma, jinsi hewa inavyopita. Alama itakayobaki itafuata njia ya uchafu halisi.

Moshi wa ekzosi upige mwisho kabisa kwa brashi ya hewa: kahawia na nyeusi, thina asilimia 85 hadi 90, psi 10, sentimita 2 au 3 kutoka kwenye kazi. Pita mara nyingi bila kuona kitu, hadi ghafla kionekane, kisha acha. Kwa rangi nyembamba hivyo, mpito mmoja wa ziada ndio unaoharibu.

Baada ya hapo vanishi isiyong'aa, saa 8 mchana kama alivyosema dada RangiNyembamba, na tepu za kioo bado zipo.

Waya wa antena kutoka mlingoti wa nyuma ya kioo hadi juu ya usukani wa mkia weka baada ya vanishi. Uzi wa lastiki wa mm 0.08 unatosha, nyuzi za fremu zilizovutwa kwa mshumaa ni nyembamba zaidi ila zinakatika ukifuta vumbi. Toboa kishimo kwa sindano kwenye usukani, gandisha mwisho huo kwanza kwa tone la gundi ya papo kwa papo lililowekwa kwa ncha ya waya, usubiri dakika 10, kisha vuta kidogo na ugandishe kwenye mlingoti. Ukivuta sana, mlingoti wa plastiki unapinda kuelekea nyuma ndani ya siku chache. Na kwa kuwa unatumia gundi hiyo karibu na kioo, kifungue au elekeza feni iondoe mvuke upande wa mkia.